Mkono wa Kisimani

Ndoana ilitoka mtoni tupu, safi kama kijiko kilicholambwa na mtoto. Keinan akaigeuza upande huu, akaigeuza upande ule, kana kwamba mnyoo amejificha nyuma yake, kisha akatema mate kando.

"Amekula?" aliuliza Abdow kutoka kituo chake cha kuvulia cha juu, bila kugeuza shingo.

"Amekula."

"Basi shukuru, adeer, ami yangu. Amekula kwako, hakwenda kula kwa jirani."

Wavuvi wengine wakacheka kichinichini, macho yao hayatoki kwenye mishipi yao. Keinan alichukua mnyoo mwingine kwenye mkebe wa maziwa ya unga, akamdunga kwenye ndoana kwa hasira kama mtu anayeshona kiatu, akatupa tena. Maji ya Tana yalikuwa ya rangi ya chai, hayaonyeshi kitu. Huko chini, ndani ya tope, ndiko aliko mwizi wake.

Mwizi huyo anaitwa domodomo, na ukimwona mara moja hutauliza kwa nini. Mdomo wake umerefuka ukapinda kuelekea chini kama mrija wa birika, na mwisho wa mrija huo kuna kinywa kidogo ambacho hata punje ya hindi ingekipa taabu. Hanyakui kama kambare. Hapapatiki kama ngege. Anakuja taratibu, anapapasa tope kwa huo mdomo, anamnyonya mnyoo kwenye ndoana kama mzee asiye na meno anavyonyonya uboho, halafu anaondoka zake. Mwenye mshipi amekaa juu, anangoja kuvutwa.

Na Keinan alikuwa amengoja sana.

Ukingo ule wa Garissa, chini ya mashamba ya ndizi, una wenyewe. Ni Wamunyoyaya, watu wa mto tangu mababu, na kila mvuvi ana kituo chake, mahali palipokatwa vichaka vya mathenge pakasawazishwa, pa kukaa mtu mmoja na kikapu chake. Mgeni hakatazwi kuvua, ila atavua huko mwisho, chini ya mashine za kuvuta maji, ambako mafuta ya dizeli yanaelea. Akitaka kituo, amletee mzee Dubow, mkubwa wa vituo, domodomo mmoja aliyemvua kwa mshipi wa mkono. Si kwa wavu. Kambare hahesabiwi, maana kambare, wanasema, huvuliwa hata na ndala iliyoanguka majini. Na hakuna kufundishwa. Ukifundishwa, kituo utakachopewa ni cha aliyekufundisha. Kwa hiyo hakuna mtu pale aliyefungua kinywa kumwambia Keinan neno moja la maana tangu alipofika, na Keinan aliona ni uchoyo mtupu.

"Kwetu," alimwambia Dubow siku moja, kwa Kiswahili chake cha sokoni, "mtu ikija kisimani hajui kamba, tunaonyesha yeye. Kwa sababu ngamia nakufa."

"Na hapa ni nini kinakufa?" Dubow aliuliza.

Keinan akarudi kwenye mshipi wake, kwa sababu kilichokuwa kinakufa hakikuwa kitu cha kumwambia mtu baki.

Alikuwa mtu wa ngamia, wa upande wa Wajir. Ukame ule uliokuja juu ya ukame mwingine ulipomaliza wanyama wake, alishuka Garissa kwa binti yake Kowsar, na huko akala chakula cha mkwe. Liban, mumewe Kowsar, alikuwa kijana mwema, na huo ndio ulikuwa ubaya wenyewe. Angekuwa mbaya, Keinan angegombana naye akaondoka na heshima yake. Liban alimwekea kipande kizuri cha nyama, alimwita aabo, yaani baba, alishusha sauti ya redio mzee akiingia. Keinan alikula akitazama ukuta. Mkwe kumlisha mkwe siku mbili tatu ni ukarimu. Ikizidi hapo, kila tonge linapita kooni na mfupa wake.

Kisha Liban, kwa wema ule ule, akamtafutia kazi. Mjomba wake ana ghala Banissa, mbali huko kaskazini, anataka mtu mzima wa kuaminika langoni.

"Si kazi ngumu, aabo," alisema. "Ni kukaa tu."

Kukaa tu. Neno hilo lilimwingia Keinan kama mwiba wa mathenge, ule unaovunjikia ndani. Alimjibu Liban kwamba ana shughuli mtoni, amngoje kidogo mpaka mvua. Liban akasema sawa. Sasa mvua zilikuwa zimeanza huko juu milimani, redio ikasema mabwawa yanajaa, na Dubow alikuwa ametangaza kwamba maji yakipanda ukingo unamezwa, na vituo havigawanywi tena hadi mto urudi chini, mwaka mwingine. Ama Keinan alete domodomo kabla ya hapo, ama apande gari la Banissa akakae langoni kwa watu.

Jumamosi, kama kawaida yake, alikuja Peterson. Huyu ni Mmeru aliyehamishiwa ofisi ya maji, mnene kidogo, mwenye kofia ya kamba kidevuni na fimbo ya kuvulia iliyonunuliwa Nairobi. Fimbo yenyewe ilikuwa na gurudumu linalolia kama cherehani. Hakutaka kituo, alitaka kupumzisha kichwa, na kwa sababu naye alikuwa mgeni, waliketi pamoja huko kwenye dizeli.

"Umepata, mzee?"

"Hapana. Wewe?"

"Nimepata mti." Peterson aliinua fimbo, na tawi la mathenge likaning'inia kwenye kisamaki chake cha bati cha kudanganyia samaki, kinachometameta. "Wa pili leo."

Keinan alimpenda kwa hilo. Wengine wote pale walikuwa wanavua. Peterson alikuwa anateseka kama yeye.

"Hebu nione ndoana yako," Peterson alisema, na alipoiona akatikisa kichwa. "Hii ni ya kuvulia ngamia, bwana. Huyo wako kinywa chake kiko namna hii." Akabana vidole viwili. "Ataingiza wapi?"

Mzaha wa ngamia haukumfurahisha Keinan, ila alikubali ndoana ndogo Peterson aliyomtolea kwenye kisanduku chake, ndogo kama kucha ya paka. Alimfunga mnyoo mwembamba juu yake, akatupa. Akangoja. Alishika mshipi kwa mkono wa kulia, kidole cha shahada kikiwa mbele, na kidole hicho kilikuwa macho kuliko macho yake. Punde kikahisi kitu, kama nzi ametua kwenye mshipi akaruka. Kisha mshipi ukalala kimya. Keinan akatulia, akangoja uzito. Uzito haukuja. Alipovuta baadaye, ndoana ndogo ilitoka safi kuliko ile kubwa.

"Sasa sina kisingizio," alisema polepole.

"Labda si domodomo. Labda kaa," Peterson akamliwaza.

"Ni yeye. Anacheka mimi huko chini."

"Mimi ningeacha."

"Wewe iko na mshahara."

Peterson hakukasirika. Alirudi kulichambua tawi lake.

Jioni Kowsar alimletea baba yake maji ya moto na sabuni ya kipande, kwa sababu harufu ya minyoo ilimwudhi kila mtu nyumbani isipokuwa Liban, ambaye asingesema hata ikimwudhi.

"Aabo, shangazi Saynab amepiga simu kutoka Wajir," alisema akimimina maji. "Anauliza kama ni kweli."

"Nini?"

"Kwamba unakula samaki. Wanasema Keinan ameacha maziwa sasa anakula wadudu wa majini."

"Mwambie sijala."

"Nimemwambia."

"Mwambie sijapata hata huyo wa kula." Akasugua vidole mpaka vikawa vyekundu. "Watu wanaona aibu kwa niaba yangu kabla sijafanya lolote."

Kowsar alijaribu asicheke, akashindwa, na Keinan akamnyang'anya taulo. Liban, aliyekuwa mlangoni na simu mkononi, alisema kwamba mjomba ameuliza tena. Alisubiri kwa adabu, na adabu ile ilimpandisha Keinan mori kuliko tusi.

"Mwambie nitamjibu," alisema.

Siku iliyofuata mto ulikuwa umepanda kiganja. Vijiti vya alama alivyochomeka Dubow kando ya maji vilikuwa vimelowa nusu, na punda wa mikokoteni ya maji walikunywa wakiwa wamesimama mahali ambapo jana palikuwa pakavu. Keinan alitupa mshipi asubuhi, akalishwa mnyoo. Akatupa tena, akalishwa. Baada ya swala ya adhuhuri alirudi, akatupa, akahisi yule nzi wake kwenye kidole, na mshipi ukalegea, ukalala juu ya maji kama uzi uliomponyoka fundi. Akangoja. Jua lilikuwa kwenye kisogo. Mashine ya kuvuta maji ilikohoa, ikazimika, na mwenyewe akaanza kuitukana kwa lugha tatu. Ghafla Keinan akachoka. Hakuchoka mwili, alichoka na kila kitu, na mto na Dubow na Liban na wema wake. Akasema moyoni basi, Banissa iwe Banissa, akaanza kuukusanya mshipi ule uliolegea, aufunge kwenye kijiti aende zake.

Ukakaza. Ukatetemeka mpaka kwenye kiwiko.

Kilichofuata hakukifikiri. Mwili wake wote ukaenda nyuma, miguu ikajikita, mikono ikavuta pima kwa pima, na kifua kikatoa ile sauti ya wavuta maji kisimani. Maji yakapasuka. Akauona mdomo, mrefu, wa rangi ya kijivu, umepinda chini kama unamnunia, kisha mshipi ukamrudia mwepesi na yeye akaketi kwa makalio juu ya tope. Kwenye ndoana kulibaki kipande cha nyama ya mdomo, chembamba kama ganda la kitunguu.

Safari hii Abdow hakucheka. Dubow, kutoka kituo chake, alimtazama kitambo, halafu akageuza uso upande wa pili kwa makusudi, kama mtu anayeogopa macho yake yasije yakafundisha.

Keinan hakuinuka pale topeni. Hasira ilikuwa imemjaa mpaka masikioni, lakini chini ya hasira kulikuwa na jambo linamkuna. Kwa nini sasa? Kwa nini amekuja wakati mtu anaondoka? Alirudi nyuma kimawazo, hatua kwa hatua, kama anavyofuata nyayo za ngamia aliyepotea. Alikuwa anakusanya mshipi. Mshipi ulikuwa umelegea. Jana pia ulilegea. Juzi pia. Kila mara yule nzi, kisha mshipi kulala, kisha ndoana tupu.

Akatazama mkono wake wa kulia. Mkono ule ulianza kushika kamba ya kisima kabla haujajua kushika kitu kingine. Na kamba ya kisima ina sheria yake: ikiwa nyepesi, ndoo imelala ubavu juu ya maji, haijanywa, ngoja. Ikiwa nzito, imejaa, vuta. Anayevuta kamba nyepesi anapandisha upepo, ngamia wanamtazama, na wanaume waliopanga mstari nyuma yake wanamtukania ukoo. Keinan alipigwa kwa kosa hilo alipokuwa mtoto, na hakulirudia. Maisha yake yote kamba ikilegea, mkono wake unangoja.

Domodomo, basi, hakuvuta. Alimnyonya mnyoo na kunyanyuka naye, akainua na kijiwe cha kuzamishia mshipi, na mshipi ukalegea kwa sababu samaki alikuwa anakuja juu. Wakati ule ule ambao mkono wa Keinan ulisema bado, yeye alikuwa mezani.

"Laa ilaaha illallah," alisema chini kwa chini. Alijisikia kama mtu aliyetafuta fimbo nyumba nzima kumbe ameikalia.

Mngefikiri sasa mambo yamekwisha. Hayakwisha, yalizidi. Kujua ni kitu kimoja na mkono ni kitu kingine. Kesho yake alikaa akijiambia, ikilegea vuta, ikilegea vuta, na mshipi ulipolegea mkono ukangoja. Akautukana. Akatupa tena, ukalegea, mkono ukangoja. Ilikuwa kama kuuambia mguu wa nyuma utangulie. Mara moja alifaulu kuvuta mapema, ila ulikuwa uvutaji wa ndoo, wa bega na mgongo, na mnyoo akaruka mpaka kwenye mathenge nyuma yake. Vijiti vya Dubow sasa vilionyesha vichwa tu.

"Adeer, unagombana na nani?" Abdow aliuliza.

"Na mkono."

"Utamshinda?"

"Huyu hasikii. Amezeeka na ujinga yake."

Aliposema hivyo akautazama mkono wa kushoto. Huo haukuwahi kuongoza kamba. Kisimani ulifuata tu nyuma, kukusanya kilichovutwa. Hakuna aliyeupiga kwa kuvuta upepo, kwa hiyo haukuwa na la kusahau. Akauhamishia mshipi.

Abdow aliona, akapiga mluzi. "Wallahi makubwa. Sasa anavua kwa mkono wa chooni."

"Vua yako."

"Hata akimpata, nani atamla?"

Wavuvi wakacheka, na safari hii kicheko kilikuwa wazi, kikapita kituo kwa kituo mpaka kwa mzee wa mwisho ambaye hasikii vizuri, akalazimika kuelezwa. Keinan alihisi masikio yakiwaka. Mkono wa kushoto ulikuwa mzito, vidole vyake kama vya mtu mwingine, na mshipi ulimponyoka mara mbili. Alilishwa mnyoo. Alimtia mwingine. Maji yalikuwa yamefika kwenye vidole vya miguu, akarudi nyuma nusu hatua, akatupa.

Nzi akatua.

Mshipi ukalegea, na mkono wa kushoto, ambao haukujua kwamba inafaa kungoja, ukainuka kidogo tu, kiasi cha mtu anayenyanyua kikombe. Kwa nguvu haukuweza, ndiyo maana haukuchana kinywa cha samaki. Samaki akawa pale. Mkono wa kulia uliruka kuja kusaidia, Keinan akaukalia. Kweli kabisa, aliuweka chini ya paja akaukalia, na kwa ule mkono wake mpumbavu akakusanya mshipi kwenye vidole, polepole, akiuma ulimi, mpaka mdomo ule mrefu ukatokea kwenye tope la ukingoni, kisha kichwa, kisha mwili unaochongoka hadi mkia mwembamba.

Akaja nchi kavu. Urefu wake haukuzidi kiganja na vidole.

Keinan alimfunika kwa kilemba chake asije akarudi, akambeba kwa mikono miwili, akapita mbele ya vituo vyote mpaka kwa Dubow. Wavuvi wakaacha mishipi wakamfuata.

"Huyo mtoto," Abdow alisema. "Mama yake anamtafuta."

"Sheria inasema domodomo. Haikusema baba yake," Keinan akajibu.

"Na amevuliwa kwa kushoto."

"Sheria inasema mkono."

Dubow alimfunua samaki, akampima kwenye kitanga cha mkono, akampitishia kidole kwenye mdomo mpaka kwenye kile kinywa kidogo. Alikagua kama hakijachanika. Hakikuwa kimechanika. Hilo lilimchukua muda kuliko lile la ukubwa.

"Nani amekufundisha?" aliuliza.

"Hakuna."

Dubow akawatazama wengine mmoja mmoja. Wote walitikisa kichwa. Abdow naye akatikisa, kwa kuchelewa kidogo, kama mtu anayelipa deni.

"Ni domodomo," Dubow alisema. "Utachukua kituo cha chini, kile cha kwenye kona."

Keinan alikijua. Alikuwa amekwisha kukiona na kukionea huruma kile kituo na yeyote atakayepewa.

"Pale? Pale jua inapiga tangu asubuhi. Na kiboko anapandia pale."

"Anapanda jioni. Utakuwa umeenda."

"Na ukingo imeliwa na maji, hakuna pa kuweka mguu. Mzee, hicho si kituo, hicho ni adhabu."

"Maji yakishuka utakisawazisha. Panga lako liko wapi?"

Keinan aliendelea kulalamika, na wengine, badala ya kumcheka, wakaanza kulalamika pamoja naye, kila mtu na kituo chake, huyu ana mizizi, huyu ana mbu, huyu jirani yake anakohoa. Alipiga simu kwa Kowsar akiwa bado anabishana, kidole kimoja sikioni.

"Mwambie Liban amwambie mjomba wake atafute mtu mwingine wa kukaa," alisema. "Hapana, siwezi kueleza sasa. Watu hawa wamenipa mahali pabaya kabisa."

Akashuka hadi kwenye kona akiwa na mkebe wake. Mahali palikuwa pabaya kuliko alivyodhani. Alisimama kwa shida, mguu mmoja majini, akatupa kwa mkono wa kushoto, na mara moja ndoana ikashika kitu kigumu kisicho na uhai. Akavuta. Akalegeza, akavuta kutoka upande mwingine. Mshipi ukakatika, na ndoana ndogo ya Peterson ikabaki huko huko.

"Hapo kuna gogo ndani ya maji," Abdow alimwambia kutoka juu. "Upande wa mashine. Tupa kwa huku, karibu na nyasi. Mimi nilianzia hapo, lilinimalizia ndoana zote."

"Sasa ndiyo unasema?"

"Jana hukuwa na kituo."

Keinan akatafuta ndoana nyingine kwenye mkebe, akaketi kwenye tope kuifunga, akilitukania gogo lile ukoo wake wote.